Majeruhi anayekoroma ndani ya gari la wagonjwa

Mhudumu, Urambo: Ndugu zangu, tulikuwa tukimpeleka Tabora mjini kijana aliyeanguka na bodaboda, hana fahamu, anakoroma. Kipimo cha kidoleni, kile cha oksijeni ya damuni, kilisoma asilimia 95 akiwa kwenye oksijeni, nami nikatulia. Kumbe nilipohesabu pumzi kwa dakika nzima nilipata 7 tu. Nilipoanza kuminya mfuko wa kupumulishia, tumbo lilijaa. Nilikosea wapi?

Tabibu, Tabora: Mwenzetu, kukoroma huko si usingizi, ni ulimi uliolegea na kuziba koo nusunusu. Kwa kuwa shingo huenda imeumia, usikiinamishe kichwa nyuma, bali kaa kichwani pake, weka vidole nyuma ya pembe za taya na uisukume mbele, kisha ufyonze kwa kifaa damu unayoiona mdomoni. Njia ya hewa isipofunguka hata hivyo, hewa hutangulia shingo: hapo inamisha kichwa nyuma taratibu. Kipimo cha kidoleni hakihesabu pumzi: mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, tarakimu hupendeza huku kabonidayoksaidi ikilimbikizana damuni. Tumbo lilijaa kwa sababu uliminya kwa nguvu na kwa haraka. Mpe pumzi moja kila sekunde 6, ukiishia pale kifua kinapoanza kuinuka.

Muuguzi, Nzega: Mkiwa wawili, mmoja ashike barakoa ya mfuko usoni kwa mikono miwili, mwingine aminye.

Mhudumu, Urambo: Asante, dada. Mwenzangu alikuwa ameshika dripu muda wote, ilhali ndoano ya kuitundikia ilikuwa juu yake.