Yule mtu kaipua sufuria la pilau kwa kofia yangu ya 1994 ya Expos, timu yetu ya besiboli ya Montréal!!!

#1 Mkazi_wa_PieIX
Wana Montréal na wengine wote, mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa kero za shughuli. Huu unasimama peke yake.

Simtaji. Mnamjua. Ni yule asiyekosa akika wala hitima, anaingia mikono mitupu na kutoka amebeba nyama ya kulisha kijiji. Jana kaja kwangu, karibu ndugu, kaa. Pilau limeiva, mke wangu anaomba mtu amsaidie kuipua. Kitambaa cha kushikia sufuria kinaning'inia pale pale kwenye mlango wa oveni, hata kipofu angekipapasa. Yeye kakipita. Kaingia sebuleni, kachomoa kofia yangu kwenye msumari, karudi jikoni, kaikunja, kashika sufuria nayo.

KOFIA YA EXPOS. YA MWAKA 1994.

Nilipiga ukelele mpaka jirani wa chini akagonga dari lake. Yeye ananitazama tu, mafuta yanachuruzika kwenye ile nembo nyekundu, nyeupe na bluu, halafu anasema: "Kwani hii timu si haikushinda kitu?"

Haikushinda kitu!

Haikushinda kwa sababu walizima mchezo! Tumeshinda 74, tumepoteza 40, hakuna timu Marekani wala Kanada yenye rekodi hiyo, Atlanta yuko nyuma yetu kwa mechi 6. Agosti 12 wachezaji wa ligi nzima wanagoma kwa sababu wenye timu wanataka kuwawekea kikomo cha mishahara. Septemba 14 ligi ikafuta kila kilichobaki, World Series (fainali ya ubingwa) na yote. Haikuwahi kukosekana tangu 1904. Vita viwili vya dunia vilipita na ikachezwa!

Na ilikuwa timu ya vijana wa mishahara midogo. Pedro Martínez tumemtoa Dodgers. Larry Walker, mtoto wa Kanada hii hii. Moisés Alou anapiga mpira, baba yake Felipe ndiye kocha. Juni 27 pale Olympic Stadium, Cliff Floyd wetu alimpiga Greg Maddux wa Atlanta hom-rani (mpira unaopigwa ukavuka uzio) ya pointi tatu. Maddux! Mrushaji ambaye mwaka ule alikuwa haguswi na mtu. Uwanja mzima ulikuwa unatetemeka.

Mgomo umeisha, Aprili 1995, ndani ya siku chache wenye timu wakawagawa wachezaji wetu kama nyama ya sadaka: Ken Hill, Wetteland, Grissom. Walker akaachwa aende zake Colorado. Na Grissom alipelekwa wapi? ATLANTA. Oktoba ya mwaka huo huo ndiye aliyedaka mpira wa mwisho, Atlanta mabingwa wa dunia. Baada ya msimu wa 2004 timu yenyewe ikabebwa kwenda Washington.

Hiyo ndiyo kofia aliyoshikia sufuria. Nimeiosha kwa maji ya vuguvugu, harufu ya bizari haitoki, ukingo umejikunja, na upande wa kulia kuna duara la kahawia la kuungua. Kitambaa kilikuwa pale! Kakipita!

#2 Shangazi_wa_Laval
Pole sana baba. Ila hujasema, pilau lilikuwa tamu?

#3 Kinyozi_Buja
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya kwanza, saa ya kwanza, umemkabidhi sufuria la moto. Ulitaka alishike kwa ndevu?

#4 Mkazi_wa_PieIX
Kinyozi, mimi nilikuwa natandika mkeka. Usihamishe mada. Ni KITAMBAA kile, kipo, kinaning'inia, na mtu anatembea mpaka sebuleni kutafuta kofia!

#5 Mwana_Lubumbashi
Huyo huyo alikuja kwetu Saint-Michel, akafungulia soda kwenye pembe ya fremu ya cheti cha mtoto. Akanywa, akaomba nyingine.

#6 Kofia_Mia
Ni ile yenye kipande cheupe mbele? Zinauzwa mpya kila duka la michezo, acha povu mkuu.

#7 Mkazi_wa_PieIX
SIYO YENYE CHEUPE. Tangu 1992 walivaa ya bluu tupu. Ile yenye cheupe ni ya zamani. Pedro hakuwahi kuivaa 1994. Unaongea nini?

#8 Scarborough_Damu
Yaani bado mnalia ya 1994? Sisi Toronto tunalia ya 2025. Mechi ya saba ya World Series na Dodgers, nyumbani, tunaongoza, inningi ya tisa (awamu ya mwisho ya kawaida), zimebaki auti mbili tu, yaani tuwatoe wapigaji wawili, tuwe mabingwa. Nani anapiga hom-rani? Ohtani, staa wao? Hapana. Miguel Rojas! Halafu zamu yetu, Kiner-Falefa wetu anakimbilia pointi ya ushindi, anatolewa kwenye beiz ya nyumbani kwa upana wa unyayo. Tukafungwa 5–4 inningi ya 11. Kama angesimama hatua mbili tu mbele ya alipokuwa, leo ninalala usingizi.

#9 Mkazi_wa_PieIX
Nyinyi mlicheza! Mlifungwa uwanjani! Na mna makombe ya 1992 na 1993. Sisi tulinyimwa hata nafasi ya kufungwa.

#10 Tomahoki
Mechi 6 nyuma, zimebaki 48. Sisi Atlanta tungewapita ninyi kabla ya Septemba kuisha. Mgomo uliwaokoa aibu.

#11 Mkazi_wa_PieIX
Wewe ndiye uliyemtuma. Sasa nimejua.

#12 Bibi_Oakland
Ninyi hamjui kuhamiwa. Septemba 26, 2024, mechi ya mwisho ya timu yetu Athletics pale Coliseum, Oakland, watu wazima wanalia, wanaomba udongo wa uwanja wakauweke nyumbani. Tulishinda siku ile, ndiyo iliyouma zaidi. Sasa timu imejibanza Sacramento kwenye uwanja wa ligi ndogo, inasubiri Las Vegas wamalize kujenga. Hata jina la mji hawalitumii.

#13 Scarborough_Damu
Bibi, hiyo inauma, lakini angalau hukuona mpira ukinasa chini ya ukuta kwenye mechi ya sita ya fainali ile ile. Barger wetu alipiga, mpira ukakwama, wakarudishwa wakimbiaji.

#14 Kinyozi_Buja
Na Houston 2017 mbona hamuwasemi? Watu wanaiba ishara za siri za wapinzani kwa kamera, wanagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira unaokuja, na kombe bado wanalo.

#15 Shangazi_wa_Laval
Mmenikumbusha mapipa. Nani aliondoka na hotpoti yangu kubwa siku ya Idd? Ya mfuniko wa maua.

#16 Mwana_Lubumbashi
Shangazi, hiyo niliiona Longueuil kwenye harusi, ina sambusa ndani.

#17 Mkazi_wa_PieIX
Jamani, kofia.

#18 Shangazi_wa_Laval
Harusi ya nani? Ya wikendi iliyopita au ile ya ukumbi wa juu?