Naenda kuvua samoni Russian River, Alaska. Dubu nikabiliane nao vipi?

BintiUjiji

Salaam wakuu, na wakubwa wangu shikamooni.

Mwaka jana tulihamia Anchorage na familia. Wenzangu wa kazini wamenialika katikati ya Julai twende kuvua samoni wekundu kule Russian River, karibu na Cooper Landing, mwendo wa kilomita kama 160 kwa barabara. Uvuvi wenyewe siuogopi. Nimekulia Ujiji, baba alikuwa na mtumbwi, na mshipi wa mkono niliushika kabla sijaanza shule. Viboko tuliwajua njia zao: usisimame kati yake na maji. Lakini dubu sijawahi kumwona ila kwenye picha, na kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema nifunge kengele kwenye mkoba. Mwingine anasema ninunue kopo la pilipili ya kupulizia. Mume wangu anataka tuazime bunduki. Jirani yetu naye kasema dubu akija nimtupie samaki mmoja, atachukua na kwenda zake.

Nimsikilize nani? Na ikiwa samaki yuko kwenye ndoana ndipo dubu anatokea, nafanya nini? Mwanangu wa miaka 11 analilia kwenda nasi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Anayejua kwa hakika anisaidie.

KakaMinnesota

Dada, usijitie hofu kubwa. Huku Minnesota dubu weusi tunao msituni na mara nyingi wakisikia watu, hukimbia au hupanda mti. Ukimwona, simama wima, inua mikono uonekane mkubwa, piga kelele, gonga sufuria. Kengele achana nazo, sauti yake ni ndogo mno. Na usikimbie kamwe.

MzeePangani

Marahaba binti yangu. Kwetu ni Pangani, ila sasa makazi yangu ni Soldotna, kwenye mto huohuo wa Kenai, chini zaidi ya hapo mnapokwenda. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kuna neno moja limenishtua: hilo la jirani, la kumtupia dubu samaki. Usilifanye hata siku moja, hata kwa samaki mdogo kiasi gani.

Dubu ana kumbukumbu kali. Leo akimsogelea mvuvi akapata samaki, kesho atamsogelea mwingine, na keshokutwa hatangoja kutupiwa. Huo mlo wa bure unaishia kwa mtu kujeruhiwa, au dubu kupigwa risasi, au vyote viwili. Mwaka 1967, katika hifadhi ya Glacier kule Montana, wasichana wawili waliuawa na dubu wawili tofauti usiku mmoja, wa kuamkia tarehe 13 Agosti. Mmoja alikuwa karibu na Granite Park Chalet, nyumba ya wageni ambako mabaki ya chakula yalikuwa yakimwagwa nje na watu wakikaa jioni kuwatazama dubu wakija kula. Baada ya hapo ndipo hifadhi za Marekani zilipokaza kanuni za chakula na takataka. Mimi kila nikiona mtu ameacha kichwa cha samoni ukingoni, nakumbuka wasichana wale.

Kwa hiyo usianze kwa kujiuliza dubu yuko wapi. Jiulize samaki wako yuko wapi. Russian River wakati wa samoni watu husimama bega kwa bega. Mtu akishapata samaki, humtunga kambani akamwacha majini nyuma yake, mkoba wenye mikate ameubwaga kwenye nyasi, macho yote yako kwenye mshipi. Dubu hutokea vichakani kwa nyuma. Pale kuna kanuni kabisa: mkoba na chakula viwe mahali unapoweza kuvishika, na samaki uliokwisha wapata wawe hatua chache tu kutoka uliposimama. Ukihama, unahama navyo. Kasha la barafu liache ndani ya gari lililofungwa.

Sasa swali lako la samaki aliye kwenye ndoana. Samaki anayepigapiga maji anamwita dubu, sauti ile anaijua tangu utotoni. Ukimwona dubu anakuja, legeza mshipi kwanza. Samaki akitulia, mara nyingi dubu hukosa cha kufuata. Akizidi kusogea, kata mshipi. Kisu kiwe kiunoni, si chini kabisa ya mkoba. Kule Katmai, hifadhi nyingine ya hapa Alaska, kwenye Brooks River ambako watu wengi wamewaona dubu wakidaka samoni maporomokoni, hilo si ombi: dubu akifika ndani ya yadi 50, yaani kama mita 45, unaacha kuvua, na kama umeshika samaki unamwachia au unakata. Mgeni hupewa kwanza somo la dubu kabla ya kuruhusiwa kuzunguka. Samoni mmoja si kitu, wanapanda maelfu kwa maelfu.

Dubu akiwa bado mbali, usingoje uone atafanya nini. Kunja mshipi, beba samaki na mkoba wako, ondoka taratibu huku unamtazama, umpishe. Mto ni wake kama ulivyo wako. Lile somo lako la kiboko linafaa hapa pia: usiwe kati ya dubu mama na watoto wake, wala kati ya dubu na mzoga anaoula. Ukinusa kitu kilichooza au ukaona kunguru wamejaa mahali, pita mbali.

Kaka wa Minnesota amesema kweli kwa dubu wake, ila Kenai wapo wa aina mbili, weusi na wa kahawia, na wa kahawia ndiye wa kumchunga zaidi. Rangi isikudanganye, kwani kuna dubu weusi wenye manyoya ya kahawia na kinyume chake. Tazama nundu ya misuli mabegani. Mwenye nundu ni wa kahawia. Kelele tunazipiga kabla ya kukutana, ili asishtuke. Mto unavuma na upepo unapeleka harufu upande mmoja, hivyo kwenye kona na vichakani ongea kwa sauti ya mtu mzima, piga makofi. Mkishakutana ana kwa ana karibu, usimpigie mayowe dubu wa kahawia. Sema naye kwa sauti ya chini, rudi nyuma polepole. Akisimama kwa miguu miwili, anataka kuona na kunusa vizuri, huko si kukushambulia. Na kukimbia sahau: anapita kilomita 50 kwa saa.

Pilipili ya kupulizia nunua, tena iwe ile iliyotengenezwa mahsusi kwa dubu, si kile kikopo cha kujikinga na wezi. Watafiti wa Alaska walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa matukio 83 ya miaka ya 1985 hadi 2006: kwa dubu wa kahawia pilipili ilimzuia katika asilimia 92 ya matukio, na karibu watu wote walioibeba walitoka bila jeraha. Kopo likae kifuani au mkandani. Lililo ndani ya mkoba halitakusaidia, kwa sababu muda utakaokuwa nao ni wa kuvuta pumzi mara mbili tu. Akikujia mbio, simama. Wengi hukatiza wenyewe kabla hawajakufikia. Akifika kama mita 10, pulizia mbele yake ukielekeza chini kidogo, ili aingie mwenyewe kwenye wingu. Madukani huuza makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili. Nunueni moja mjifunze uani, wewe na mumeo. Wala msijipulizie nguoni au kwenye hema kama dawa ya mbu. Pilipili iliyokauka huwavuta dubu waje kunusa.

Bunduki: mumeo kama hajaizoea kiasi cha kulenga mnyama anayekimbia kwake huku amesimama majini na watu pande zote, iacheni kwa mwenyewe. Mtu akimuua dubu kwa kujitetea, sheria ya Alaska inamtaka amchune, akabidhi ngozi na fuvu kwa serikali na aandike ripoti.

BintiUjiji

Mzee wangu, Mungu akuzidishie. Jirani nimeshamsomea yote. Nimebakiwa na mawili. Akinifikia kabisa akanishika? Na samaki nimpasulie wapi, kwa sababu kwetu tunapaa na kutoa matumbo palepale ufukweni.

MzeePangani

Akikugusa dubu wa kahawia uliyemshtua, lala kifudifudi, mkoba ubaki mgongoni, vidole vifungane nyuma ya shingo, miguu uipanue asikugeuze kirahisi. Nyamaza. Anachotaka ni kuona kwamba wewe si hatari tena. Akiondoka usiinuke upesi, kwani akiona unatikisika anaweza kurudi. Ila kama haachi, au ni dubu mweusi, au ni yeyote aliyekuwa akikunyatia kimyakimya muda mrefu, hapo hakuna kulala. Pigana kwa chochote ulichonacho, lenga pua na macho.

Kuhusu kupasua, ushauri wa wenye mamlaka pale siku hizi ni kumtoa samaki mzima ukamtengenezee nyumbani, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Toa damu, tia kwenye barafu, mengine Anchorage. Ikibidi kupasua hukohuko, tumia meza za kusafishia zilizo pale Russian River inapoingia Kenai, kisha kichwa, mifupa na matumbo katakata vipande vidogovidogo uvirushe kwenye maji ya kina yaendayo kasi. Mfupa mzima uliokwama kwenye maji ya kina kifupi unamfundisha dubu kwamba hapo ndipo mahali pa kula.

MamaBukavu

Dada, mimi pia niko Anchorage, nimetoka Bukavu. Nakuongezea ya akina mama, kwa sababu najua hutayauliza mbele ya wazee, nao watatuvumilia. Utaambiwa usiende ukiwa katika siku zako, eti dubu hunusa. Maneno hayo yalienea baada ya yale mauaji ya 1967 aliyoyataja mzee. Uchunguzi uliofuata kwa dubu weusi na wa kahawia haukupata ushahidi wa jambo hilo. Enda kwa amani. Funga taka zako kwenye mfuko usiotoa harufu, uzirudishe nyumbani kama taka nyingine.

Na nguo za kuvulia zifuliwe siku hiyohiyo. Kama mtalala kwenye hema, usiingie nazo kulala, na kupikia kuwe mbali na hema. Dawa ya meno nayo ni chakula kwa dubu, pia mafuta ya kujipaka. Vyote vikae kwenye gari au kwenye kasha la chuma la pale kambini.

Mtoto mpeleke, lakini awe na mtu wake, mtu asiyevua. Mkipokezana wewe na baba yake, mmoja ana mshipi na mwingine ana mtoto na kopo la pilipili. Mfundishe nyumbani neno moja tu: akimwona dubu, aseme "dubu" kwa sauti ya kawaida na aje akushike. Asilie, asikimbie. Mufanye mazoezi hadi azoee. Wangu tulifanya hivyo sebuleni, baba yao akijifanya dubu.

MzeePangani

Ahsante mama, hilo la mtu asiyevua ni la maana kuliko yote niliyoandika mimi.

Binti, la mwisho ni saa. Julai usiku hauna giza la kweli, na watu hushawishika kuvua mpaka saa sita za usiku na kuendelea. Saa hizo kelele za watu zimepungua na dubu hushuka mtoni, hasa alfajiri. Mwende saa tatu au nne asubuhi, mrudi jua likiwa bado juu. Kabla ya kushuka ngazi za ukingoni soma ubao wa matangazo, maana sehemu ikiwa na dubu msumbufu huandikwa hapo. Idadi ya samaki nayo hubadilika. Kawaida ni 3 kwa mtu kwa siku, lakini Idara ya Samaki na Wanyama ya Alaska huweza kuipandisha au kuishusha katikati ya msimu, hivyo itazame kwenye tovuti yao asubuhi ya safari. Na kama una mgeni anayekuja kwa ndege, mwambie asinunue pilipili huko anakotoka. Ya dubu hairuhusiwi ndegeni, si mkononi wala kwenye begi la chini. Anunue hapo Anchorage.