Nikifumba macho picha inapotea: kuchora kutoka kichwani kunafundishika?

KaratasiTupu:
Wakuu, habari. Birika likiwa mbele yangu nalichora vizuri tu. Likiondolewa, picha inakuja sekunde moja inayeyuka, mchoro unatoka kama wa mtoto. Hiki ni kipaji, au mtu anajifunza? Nianzie wapi?

MkaaLaini:
Unajifunza, mkuu. Ukiwaza picha, ubongo unatumia sehemu ileile ya kisogoni inayoshughulikia kuona, ila kwa nguvu ndogo. Picha kufifia ni kawaida. Kasoro iko kwenye kutazama: anayenakili huchukua kipande, hukiweka kwenye karatasi, hukisahau papo hapo.

Tazama birika sekunde 60 bila kushika penseli. Jisemee vipimo: kimo ni mara ngapi ya upana, mdomo unachomoza wapi tumboni, ncha yake iko usawa gani. Lifunike. Chora dakika 3, usifute. Kosa likifutwa hutajua ubongo ulijaziliza nini. Lifunue, sahihisha kwa penseli nyekundu juu ya mchoro huohuo. Kisha geuza karatasi, chora tena kutoka kichwani. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo dawa yenyewe.

Nyekundu nyingi utaikuta kwenye mdomo, maana watu huushusha mno. Ncha ikiwa chini ya ukingo, birika litamwaga maji kabla halijajaa! Ukishaijua sababu, hutaukosea tena hata uligeuze birika vipi akilini.

KivuliNusu:
Nyongeza. Wapo wasioona picha yoyote wakifumba macho. Tangu 2015 hali hiyo inaitwa afantasia, jina lililotolewa na Adam Zeman, daktari wa mishipa ya fahamu wa Uingereza, pamoja na wenzake. Mchora katuni hodari wa Marekani, Glen Keane, ni mmoja wao. Kwa hiyo usingoje picha ikamilike kichwani ndipo uanze. Tupa mistari myepesi mingi, jicho lichague, ndipo ukolezee.

KaratasiTupu:
Asanteni sana. Vitu vingapi kwa siku?

MkaaLaini:
Kimoja kinatosha. Kesho yake asubuhi kichore kabla hujakitazama, maana usingizi husaidia kumbukumbu kukaa. Kikishakaa, kichore kama kinavyoonekana kutoka juu kwa mshazari, upande ambao hukuutazama kabisa. Kwa birika, ukingo wa mduara wa kifuniko utageuka yai. Upana wa yai hilo ndio wa kupima kwanza.