Matairi ya okazioni na mbu wa michirizi: tufanye nini kabla mvua haijaanza?

Depo_Katuba
Jambo wote. Depo yetu iko Katuba, hapa Lubumbashi, tunauza matairi ya okazioni (yaliyokwisha kutumika) yanayoingia kwa kontena kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nusu yako chini ya paa, nusu uani. Watu wa zone ya afya walipita wakasema matairi haya yanaweza kubeba mbu mgeni, mweusi mwenye michirizi myeupe, anayeuma mchana, na kwamba mvua za kwanza zikinyesha atatoka kwa wingi. Lakini sasa hivi matairi ni makavu, ndani kuna vumbi tu. Mbu atatoka wapi? Mwingine ametushauri tuyamwagie mafuta machafu ya injini. Na ugonjwa wenyewe ni upi, si palu (malaria) hii hii? Matairi ni mali, hatuwezi kuyatoboa yote.

Wadudu_Lshi
Papa, ukavu haumsumbui huyo. *Aedes albopictus*, ndilo jina la mbu huyo wa michirizi, hatagi majini. Hutaga kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya usawa wa maji, na yai hunata hapo. Ni jeusi, halifiki milimita 1, na juu ya mpira mweusi utapita bila kuliona. Likishakomaa penye unyevu siku chache za mwanzo, maji yakikauka linavumilia kwa miezi. Kiangazi chetu cha Mei hadi Septemba linakipitisha likingoja. Maji yakipanda hadi lilipo, linaanguliwa. Na hayaanguliwi yote pamoja: mengine hungoja mvua ya pili au ya tatu, ndiyo maana mtu anamwaga maji leo, wiki ijayo anakuta viluwiluwi tena kwenye tairi lile lile.

Hivyo ndivyo alivyosafiri kutoka Asia. Albania alionekana 1979, Houston kule Texas 1985, Cape Town alinaswa 1989 ndani ya matairi yaliyotoka Japani, Nigeria 1991, Kameruni 2000. Kwetu Kongo, mlipuko wa chikungunya wa 2019 Kinshasa na Kongo Central ulienezwa na yeye.

Kumtambua, usitazame miguu. *Aedes aegypti*, ambaye ni mwenyeji wa Afrika, naye ana pete nyeupe miguuni. Tazama mgongo: albopictus ana mstari mmoja mweupe ulionyooka katikati, kuanzia kichwani. Aegypti ana mistari miwili iliyopinda pembeni na miwili myembamba katikati, umbo la kinubi. Mbu wa palu ni mwingine kabisa, anauma usiku na akitua huinua sehemu ya nyuma.

Sasa kazi. Anza na matairi yenye alama ya maji ndani, ule mduara wa uchafu ulioganda. Hayo yamewahi kushika maji, na mayai yakiwepo yako karibu na mduara huo. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, mkono uingie hadi kwenye kona ya ndani. Maji machafu ya kusugulia mwaga juu ya udongo mkavu unaonyonya, si kwenye mtaro, maana mayai uliyoyabandua bado ni mazima. Acha tairi likauke, kisha liingie chini ya paa siku hiyo hiyo.

Yasiyotosha ndani yapange juu ya palete, weka mti mrefu katikati kwa juu, tandika turubai lishuke pande mbili kama paa na ulifunge kwa kamba hadi karibu na chini. Turubai lililolegea ni bwawa jipya, nimeona depo ambako viluwiluwi walikuwa juu ya turubai na matairi ya chini yalikuwa makavu!

Kwado_Kamalondo
Mafuta machafu usiguse. Ni kweli utando wake unaziba pumzi ya viluwiluwi, lakini mvua ikijaza tairi, mafuta yanafurika na kuingia kwenye udongo na visima. Na mpira unavimba na kulainika, nani atakununulia? Yale mabovu yasiyouzwa ndiyo ya kutoboa. Lililolazwa hushika maji kwenye ubavu wa chini, toboa hapo. Lililosimama hushika kwenye sehemu inayokanyaga barabara, toboa upande unaogusa chini. Ya kupamba ua, jaza udongo ushindiliwe hadi juu.

Depo_Katuba
Asante sana. Tuna pia mapipa mawili ya lita 200, na lile beseni la kuzamisha mipira kutafuta tundu. Hapo je?

Wadudu_Lshi
Beseni la tundu ndilo watu husahau. Limwage kila jumamosi, usugue kuta. Penye joto, yai hadi mbu mzima ni siku 7 hadi 10, kwa hiyo ukiruka wiki moja umekwisha kuwarusha.

Mapipa yafunike kwa kitambaa kizito kilichofungwa mpira ukingoni. Kifuniko chenye ufa hakisaidii kitu. Kama hayafunikiki, kuna temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, ya chembechembe ya 1%: gramu 10 kwa lita 100, yaani gramu 20 kwa pipa lako, pima kwa mzani. Au Bti, bakteria wanaoua viluwiluwi, miligramu 1 hadi 5 kwa lita, kwa kufuata maelezo ya pakiti. Bti lazima iliwe ndipo iue, na pupa, wale waliojikunja kama alama ya mkato, hawali. Ukiona pupa, mwaga maji yote kwanza. Moshi wa dawa haufiki ndani ya tairi, mimi nisingeutolea hata franga.

Muuguzi_Kampemba
Kuhusu ugonjwa: si palu, ni virusi, hasa chikungunya na dengue, pia Zika. Virusi vya chikungunya vilipobadilika mahali pamoja kwenye protini yao ya nje, huyu mbu akawa mwepesi zaidi kuvibeba. Hapo ndipo kwenye kisiwa cha La Réunion mwaka 2005 na 2006 zaidi ya theluthi ya wakazi waliambukizwa, kisha Gaboni 2007.

Homa kali ya ghafla na maumivu ya vifundo, vidole na viganja hadi mtu hawezi kushika kikombe, fikiria chikungunya. Maumivu nyuma ya macho, fikiria dengue. Lakini kipimo cha haraka cha palu kifanyike kwanza, kwa kila mwenye homa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hapana mpaka dengue iondolewe, kwa sababu ya kutokwa damu. Parasetamoli, mtu mzima asizidi gramu 4 kwa siku. Homa ikishuka lakini tumbo likauma sana, akatapika bila kukoma au fizi zikatoa damu, hospitali papo hapo: hatari ya dengue huanza pale watu wanapodhani amepona.

Mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana pia, wiki ya kwanza. Mbu wa depo haruki mbali, mara nyingi hazidi mita 200, kwa hiyo anachukua virusi kwa jirani na kumpa jirani.

Depo_Katuba
Tukimkamata mmoja tumpeleke vipi?

Wadudu_Lshi
Mfunike kwa glasi, telezesha karatasi chini, mweke kwenye friza saa moja. Kisha chupa ndogo kavu yenye karatasi laini, asisuguliwe, maana magamba ya mgongoni yakitoka mstari unapotea. Viluwiluwi weka kwenye alkoli ya 70%. Andika tarehe, mtaa na chombo ulichowatoa, upeleke zone ya afya.