Mamogramu ya Oktoba ilikuwa safi, sasa nagusa uvimbe. Nisubiri?

Mama wa Mbagala: Wadau habari zenu. Nina miaka 46. Oktoba walikuja kazini kwetu kupima matiti bure, nikapiga mamogramu, ile eksirei ya matiti, majibu safi. Sasa wiki ya tatu hii nagusa kitu kama punje ya hindi, titi la kushoto. Hakiumi. Mume wangu anasema nisubiri Oktoba nyingine, shangazi kaniletea mafuta ya habasoda. Naombeni ushauri, ila msinitishe.

Fundi Saa: Kama hakiumi siyo saratani, dada. Lala usingizi.

Nesi Mstaafu: Fundi, rudi kwenye saa zako. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi. Mdogo wangu, majibu ya Oktoba yalikuwa ya Oktoba. Uvimbe unaonaswa kwenye upimaji wa kawaida aghalabu ni ule wa polepole: chini ya sentimita 2, haujafika tezi za kwapani, unasikia dawa za homoni. Ule wa mbio ndio huchomoza kati ya kipimo na kipimo, na mara nyingi zaidi ni wa aina ambayo dawa hizo haziugusi. Tena titi lenye nyama nzito huuficha kwenye picha. Nenda wiki hii, upigwe altrasaundi, wakiona haja wachukue kinyama kidogo wakakipime.

Mhasibu: Mimi hizi kampeni zinanitia shaka. Mtu agundulike 2020 kwa kipimo badala ya 2023 kwa kugusa, afe 2026 vilevile, mtasema kaishi miaka 6 badala ya 3. Miaka ya kwenye karatasi hiyo.

Nesi Mstaafu: Kweli kabisa, ndiyo maana watafiti hulinganisha vifo vya walioitwa kupimwa na wasioitwa. Vifo hupungua, japo si kama mabango yanavyotamba. Lakini huyu ana dalili tayari, hesabu yako haimhusu.

Bi Chuma: Wangu ulikuwa sentimita 1.4, mwaka 2016. Upasuaji, mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, vidonge miaka mitano. Kilichonitoa jasho ni nauli ya kutoka Morogoro. Nenda na mumeo, asikie mwenyewe.

Mama wa Mbagala: Nimerudi. Altrasaundi imeonyesha kingo zake hazijanyooka, wamechukua kinyama, majibu baada ya siku kumi. Mume alikaa benchi la nje muda wote. Oktoba hajaitaja tena.