Mstaafu na ekari nne: kurudi kijijini na ng'ombe ni busara au ni kujizika mzima?

Dereva wa Bombo
Wazee wangu na vijana, nawasalimu. Nimeendesha magari ya serikali miaka 31. Mwakani natimiza 60, nakabidhi funguo. Kila mahali nasikia hesabu moja, ile ya Rais Museveni ya ekari nne: moja kahawa, moja matunda, moja chakula cha nyumbani, moja majani ya ng'ombe wa maziwa, halafu kuku wa mayai na nguruwe nyuma ya nyumba. Mimi ni Mwislamu, nguruwe tumtoe. Nimeonyeshwa kibanja cha ekari nne Nakaseke na muuzaji anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Mke wangu anasema kiinua mgongo tujengee vyumba vinne vya kupangisha hapa hapa Bombo. Nauliza kwa niaba ya wastaafu wote: hesabu hii ni ya mtu wa miaka 60 mwenye magoti mabovu, au ni ya kijana? Wanaotuhubiria shamba walitufikiria sisi?

Afande Mstaafu, Kapeeka
Ndugu yangu, njoo. Nilivua magwanda 2015. Sina ekari nne, nina mbili na nusu, ng'ombe wawili na mbuzi tisa. Pensheni inakuja mara moja kwa mwezi, maziwa yanakuja kila siku. Mjini unanunua mpaka maji. Hapa nanunua chumvi, sabuni, sukari na dawa ya kupe, basi. Hivyo vyumba vya kupangisha navijua: mpangaji anahama usiku na deni la miezi mitatu. Ng'ombe hahami usiku. Tena toa na akiba yako ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, siku hizi ukifika 50 wanakupa yote.

Karani Mstaafu
Afande, tusimpotoshe mtu. Dereva ni mtumishi wa umma, ana pensheni na kiinua mgongo. NSSF ni yetu sisi wa makampuni, na umri wake ni 55. Kilichobadilika 2022 ni kwamba ukifika 45 na umeweka akiba miaka 10, unaweza kuchukua asilimia 20.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Ng'ombe hahami usiku? Anahamishwa! Muulize mtu yeyote wa huko aliyeamka akakuta kichwa na ngozi tu vichakani. Baba mdogo wangu alizika kiinua mgongo chote Luwero. Ng'ombe wa maziwa wa kigeni, Friesian watatu, banda la mabati, tenki la maji. Wawili walikufa kwa ndigana kali ndani ya mwezi mmoja. Yule wa tatu alimuuza kwa bei ya hasara. Sasa anakaa kwangu, Kampala, kitandani kwa mwanangu. Shamba ni la mwenye nguvu na mwenye gari. Mstaafu anafuga kwa simu, mchungaji anakunywa. Na hayo maziwa yao mnayoyasifu sisi wanunuzi tunayajua: nusu ng'ombe, nusu kisima.

Mama Mkunga, Wobulenzi
Nilikuwa nimekaa kimya nikisoma. Hilo la kisima sitaliacha lipite.

Mimi ni mkunga mstaafu. Miaka 34 nimepokea watoto wa watu, wengine kwa mwanga wa kandili, wala sikuwahi kuiba hata glovu. Leo nina ng'ombe watatu, wawili wanakamuliwa. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nawasha moto, naosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kitambaa kisafi, kila ng'ombe na kitambaa chake. Michirizi ya kwanza naikamua kwenye kikombe cheusi nione kama kuna mabonge. Halafu mtu aliyekaa sokoni Kikuubo kwenye kivuli cha maturubai aniambie nauza maji ya kisima?

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Mama, sikukutaja. Jiwe likirushwa gizani, anayelia ndiye limempata.

Mama Mkunga, Wobulenzi
Usinitupie methali, kijana. Linampata kila mwenye ng'ombe, ndiyo maana nimelia kwa sauti. Mwezi wa tatu kituo kimoja cha kupozea maziwa walinirudishia lita 18. Laktomita, kile kipimo cha kuona kama maziwa yana maji, ilisoma 26, chini mno. Mpimaji alinitangaza mbele ya vijana wa boda kwamba nimeongeza maji. Niliyabeba yale maziwa nikayarudisha nyumbani, nikayaweka kwenye sufuria ndani ya beseni la maji baridi, nikakaa. Saa mbili baadaye nikapima kwa laktomita ya jirani: 29. Maziwa yale yale. Nani alitoa maji?

Afande Mstaafu, Kapeeka
Hapo sasa! Wale wapimaji nao ni wezi. Wanakurudishia asubuhi, jioni wanayanunua kwa nusu bei kupitia kijana wao.

Daktari wa Mifugo, Masindi
Mama, shikamoo. Si lazima kuwe na mwizi hapo. Maziwa yanayotoka kwenye kiwele yana joto la mwili wa ng'ombe na povu, hewa imejaa ndani. Kipimo kimetengenezwa kusoma maziwa yaliyopoa. Ukikitumbukiza kwenye maziwa ya moto kinazama zaidi, kinasoma chini, na ng'ombe wako anaonekana ametoa maji. Maziwa mazuri husoma kama 28 hadi 32 yakishapoa na kutulia. Mpimaji anayepima maziwa ya moto bila kuangalia kipimajoto na kusahihisha hesabu anawaonea watu. Mengi nimeyaona kwa macho yangu. Lakini, mama, na maji yanayoongezwa nimeyaona pia, mara nyingi njiani, kwenye jerikeni za plastiki, baada ya mfugaji kupokea pesa yake.

Kuhusu ndigana kali aliyoitaja kaka wa Kikuubo: huo ndio muuaji mkubwa wa ng'ombe wa kigeni hapa kwetu. Unaletwa na kupe wa masikioni. Tezi chini ya sikio na mbele ya bega zinavimba, homa inapanda, pumzi inakuwa nzito. Ukimwita daktari siku ya kwanza au ya pili kuna dawa. Ukimwita povu limeshatoka puani, unamwita aje ashuhudie. Na kupe wa siku hizi, hasa upande wa magharibi, wamezoea dawa kwa sababu watu wanachanganya dawa ovyo na kupunguza kipimo.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Baba mdogo alimwita daktari. Daktari alifika siku ya nne.

Binti wa Mzee, Jinja
Naona mnabishana maziwa, wakati anayeyalipia hamjamtaja. Ni mimi. Baba ana miaka 71, ng'ombe watatu. Kila mwezi simu: binti yangu, pumba imekwisha. Binti yangu, bomba la kuogeshea limepasuka. Binti yangu, mchungaji ameondoka na viatu vyangu vya mpira. Mwaka 2024 walipofunga masoko ya ng'ombe wilaya nyingi kwa ugonjwa wa midomo na kwato, alitaka kuuza dume alipe deni, akashindwa, nikalilipa mimi. Aprili aliteleza zizini akaumia nyonga. Alilala pale kwenye matope mpaka watoto wa shule wakapita. Walimbeba kwa boda, mtu nyuma akimshikilia, hadi barabara ya lami. Mnaposema shamba linamlisha mstaafu, hesabuni na la mtoto.

Afande Mstaafu, Kapeeka
Binti, unamhesabia baba yako pumba? Yeye alikuhesabia karo?

Binti wa Mzee, Jinja
Mzee wangu, heshima yako ninayo, lakini usiniingize hapo. Karo alinilipia kwa mshahara, si kwa ng'ombe. Ninampenda baba yangu, ndiyo maana sitaki kupigiwa simu na mtu nisiyemjua akiniambia njoo umchukue. Wewe usiku unalala na nani kwenye hizo ekari mbili na nusu?

Afande Mstaafu, Kapeeka
Na mbwa wawili. Mke wangu alifariki 2019. Ng'ombe ndio waliofanya niamke asubuhi ule mwaka. Hilo halimo katika hesabu ya pumba.

Binti wa Mzee, Jinja
Pole sana, mzee. Sikujua.

Msoma Sheria, Mukono
Jamani, mbona hakuna aliyemwonya dereva kuhusu lile neno *kibanja*? Nakaseke sehemu kubwa ni ardhi ya mailo, yaani ya mtu binafsi mwenye hati, iliyotokana na mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda. Ukinunua kibanja hununui ardhi, unanunua haki ya kukaa na kulima. Mwenye mailo lazima akubali kwa maandishi, kisha kila mwaka unamlipa busuulu, kodi ya kukaa kwenye ardhi yake. Mhuri wa mwenyekiti wa kijiji, LC1, peke yake hautoshi. Na kama muuzaji anaishi hapo na mkewe, mkewe naye akubali kwa maandishi. Nimeona mzee amepanda ekari ya kahawa na imeanza kuzaa, halafu anakuja mtu na hati.

Dereva wa Bombo
Ahsante, hilo la mwenye mailo sikulijua. Muuzaji aliniambia mwenyekiti anatosha. Kesho nakwenda kumuuliza mwenye ardhi ni nani. Lakini la magoti bado sijajibiwa.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Haraka ya muuzaji ndiyo dalili ya kwanza, mzee. Ila niseme jambo. Nimesoma maelezo ya daktari mara mbili. Mimi nanunua maziwa ya keni kwa ajili ya vibanda vyangu viwili vya chai, na huwa napima yakiwa ya moto. Miaka saba. Nimewarudishia watu wengi.

Mama Mkunga, Wobulenzi
Basi umewaibia watu miaka saba.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Mama, kuiba ni neno zito. Nilifundishwa hivyo. Na maji bado yapo, daktari mwenyewe kakiri.

Mama Mkunga, Wobulenzi
Neno zito ulianza nalo wewe. Uliyemrudishia alikwenda nyumbani kumwambia nani kwamba maziwa yamekataliwa, na mtoto alikuwa anasubiri pesa ya daftari? Waliokuwa wazee ni wangapi? Mimi nilitembea kilomita mbili na lita 18 kichwani kwa sababu nilikuwa na aibu ya kupanda boda ya wale vijana waliosikia.

Dereva, la magoti ni hivi. Usichuchumae. Ng'ombe asimame kwenye sakafu ya saruji yenye mikwaruzo, isiyoteleza, yenye mwinamo kidogo maji yatoke, na wewe ukae kwenye kigoda kirefu cha miguu mitatu, ndoo katikati ya mapaja. Zizi liwe hatua ishirini tu kutoka mlango wa jikoni. Binti wa Jinja, baba yako aliteleza kwa sababu zizi ni la matope. Mnunulie mifuko minne ya saruji kabla ya pumba. Majani yakatwe na kijana, usikate mwenyewe. Anza na ng'ombe mmoja mwenye mimba ya miezi mitano, umzoee kabla hajazaa. Wa pili mngojee mwaka. Mimi nilianza na watatu kwa kiburi, mmoja akafa nikimwangalia, nami ni mtu niliyezoea kuokoa.

Binti wa Mzee, Jinja
Mifuko minne. Nimeandika.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Mama, Jumamosi nakuja Wobulenzi na kipimo changu. Nataka kuona 26 ikigeuka 29 kwa macho yangu. Nikiiona, nitarudi kwa wale ninaowakumbuka. Wako wawili Matugga na mmoja Kawanda.

Mama Mkunga, Wobulenzi
Usije saa nne na jua lako. Njoo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Utakamua mwenyewe, utapima yakiwa ya moto, utakunywa chai, utapima tena. Na huyo baba mdogo aliyelala kitandani kwa mwanao, mlete.

Mfanyabiashara wa Kikuubo
Tangu wale ng'ombe wafe hataki kuona zizi.

Mama Mkunga, Wobulenzi
Mlete. Akae jikoni na mimi.

Dereva wa Bombo
Gari ninalo mpaka mwakani, lakini ni la serikali. Nitakuja kwa teksi. Nielekezeni njia ya kutoka kituo cha Wobulenzi.