Kipindi cha korona Dodoma mlikula nini, mliuza nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu. Majirani zetu Uganda na Rwanda walifungiwa ndani, sisi hapana. Lakini shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020, kisha sukari ikaadimika kuelekea Ramadhani, kila nyumba iliyumba kivyake. Naomba tusimuliane, maana yakirudi, vijana wanaoanza maisha hawana pa kuuliza.

Naanza mimi. Nina genge Chang'ombe. Watu walikuwa wanajifukiza, malimao na tangawizi vikawa vinagombaniwa soko la Sabasaba tangu alfajiri, na bei ya asubuhi siyo ya mchana. Nikaweka utaratibu: mteja mmoja malimao mawili, hata uje na pesa ya gunia. Wapo walionuna. Ila bibi anayekuja na mia mbili naye alipata.

Mdau wa Ng'ong'ona:
Nilikuwa mama ntilie, wateja wangu wote wanafunzi wa UDOM. Chuo kilipofungwa sikukosa chakula, nilikosa walaji. Mchele na maharage ya mkopo yapo ndani, mwenye duka anadai. Nilimfuata mwenyewe kabla hajanifuata. Akapokea magunia ambayo hayajafunguliwa, deni lililobaki nikalilipa kidogo kidogo kwa chapati na maharage, nikiwapelekea mafundi Mtumba, kwa sababu ujenzi wa mji wa serikali haukusimama. Wenye madeni msijifiche jamani, mtu akikuona unakuja anakusikiliza. Vyuo vilipofunguliwa Juni 1 nilikuwa bado nina mtaji wa kuwasha jiko.

Mdau wa Bahi:
Kwetu mboga haikuwa shida. Mama ana safwe kila mwaka: majani ya kunde yanachemshwa, yanaanikwa mpaka yakauke kabisa. Ukitaka kupika unaloweka, unachemsha, unatia karanga zilizotwangwa, na ugali wa uwele pembeni. Mtoto akila huo mchana, hakusumbui hadi jioni. Uji tulikunywa bila sukari, tukatia unga wa ubuyu. Wadogo waligoma mwanzoni, baadaye wakawa wanauomba wenyewe.

Mdau wa Kibaigwa:
Wanaokimbilia kuweka mahindi ndani, hakikisheni ni makavu. Ng'ata punje, ivunjike kwa mlio. Ikibonyea, anika tena. Mifuko ya kinga njaa inasaidia sana, ile yenye nailoni mbili ndani, lakini funga kila nailoni peke yake na ukamue hewa. Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa, hauhitaji dawa.

Mdau wa Nkuhungu:
Sisi shida ilikuwa maji ya kunawa, mgao ukipita umepita. Kibuyu chirizi kilituokoa: dumu dogo lenye tundu, kamba, kijiti cha kukanyaga. Maji yanatoka kidogo, na hakuna anayeshika koki.

Mwanzisha mada:
Asanteni sana. Mdau wa Bahi, safwe mnazitunzaje zisiingie wadudu?

Mdau wa Bahi:
Mfuko mkavu, mdomo umefungwa, unaning'inizwa jikoni moshi unapopita. Mvua ikianza, zitoe uzianike tena siku ya jua.